Jinsi ya kumuandika tajiri wa mahoteli kwenye siriali ya mauaji ya kuchekesha

Kosa ambalo wengi tunafanya ni kumjaza jamaa hela tu, saa ya dhahabu, helikopta, mabodigadi wawili, halafu tunakaa kusubiri watu wacheke. Hawacheki ng'o. Kinachochekesha ni mtu anayeangalia kila kitu kwa jicho la hoteli, hata maiti, yaani mgeni kalala sakafuni kafa, watu wanapiga mayowe, yeye anainama anauliza nani katandika hiki kitanda.

Na hapohapo ndo unaficha ushahidi wako. Mtazamaji anacheka jamaa alivyokosa utu, kumbe kweli kitanda hakikutandikwa na mhudumu wa vyumba, na hilo linarudi epsodi ya mwisho. Utani na ushahidi viwe kitu kimoja, hiyo ndo siri yote, mengine ni mapambo.

Mpe na alikotoka. Conrad Hilton, yule mwanzilishi wa hoteli za Hilton, mwaka 1919 alienda Cisco, Texas kununua benki, dili likafa, akaishia kununua hoteli ya vyumba 40 iliyokuwa imejaa watu wa visima vya mafuta mpaka vitanda vinakodishwa kwa zamu za masaa 8. Mtu wa namna hiyo hata awe na mabilioni atahesabu vipande vya sabuni tu. Au Leona Helmsley, bibi tajiri wa mahoteli wa New York, alifariki 2007 akamwachia mbwa wake dola milioni 12, jaji akaja kuzishusha mpaka milioni 2. Sasa we ukiandika paka karithi hoteli nani atakwambia umezidisha? (Usiwakopi lakini, chukua akili tu ya hao watu.)

Siri ya tajiri wako isiwe mauaji, tafadhali, mwenye kadi inayofungua milango yote ni mshukiwa tangu dakika ya kwanza, na kufuli za kielektroniki zinatunza rekodi ya kadi gani imefungua saa ngapi, kwahiyo mpelelezi atamkamata akidanganya mapema sana. Mwache adanganye, ila kwa aibu nyingine. Mi napenda hii: makampuni mengi makubwa ya hoteli hayamiliki majengo, yanatoa jina na usimamizi, jengo ni la mtu mwingine. Basi mzee anatamba "hoteli yangu, hoteli yangu" siriali nzima wakati hana hata tofali moja pale, na usiku ule alikuwa anaiba mkataba unaomuumbua.

Halafu ubahili. Toka epsodi ya kwanza awe anapita kila chumba anazima AC, anagombana na wageni, anazima hata ya mpelelezi katikati ya mahojiano. Watu watacheka watazoea. Sasa chumba cha marehemu AC imekutwa kwenye baridi ya mwisho kabisa, na baridi inachelewesha mwili kukakamaa, ndo maana muda wa kifo ulikuwa unawachanganya. Muuaji aliiwasha makusudi. Mzee asingeweza kuiacha vile, mkono ungemuwasha, hata kama kaua. Ila hakikisha AC hiyo inaonekana kwenye kamera siku maiti inakutwa, hata sekunde mbili, usije ukaizua mwishoni watu wakakutukana bure.