Ndama asichomwe pembe kabla ganzi haijashika

Wafugaji wenzangu, chuma cha moto kwenye kichwa cha ndama asiye na ganzi ni mateso makubwa, na watu watatu kumkandamiza chini hakumpunguzii maumivu hata kidogo. Mwombe daktari wa mifugo amdunge dawa ya ganzi, lignokeini ya asilimia 2, kila upande, katikati ya kona ya nje ya jicho na shina la pembe, chini tu ya ule ukingo wa mfupa unaoupapasa kwa kidole.

Halafu subirini. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: sindano ikitoka tu, chuma kinaingia. Mpeni dakika 10. Mguse kwa ncha ya sindano kuzunguka pembe. Akirusha kichwa, bado. Ganzi ikishika, mara nyingi utaona na kope la juu la upande ule limelegea.

Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili na maumivu hurudi, kwa hiyo omba na meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, apewe kabla kazi haijaanza.

Mbuzi ni habari nyingine: kila pembe ina neva (mishipa ya fahamu) mbili za kutiwa ganzi, na kitoto chake hudhurika upesi na lignokeini ikizidi. Apimwe uzito kwanza, dozi isikadiriwe kwa macho.