Namna ya kufuatilia sokwe katika msitu wa Kibale, hatua kwa hatua

Wageni ninaowapokea hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, wawe wametoka Nairobi, Arusha au Goma, karibu wote huniuliza swali moja: "Kaka, tutawaona kweli?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Sokwe (nazungumzia chimpanzee, si gorila) wanaotembelewa upande wa Kanyanchu, kituo cha wageni cha hifadhi ya Kibale, wamezoeshwa watu tangu miaka ya 1990, na askari wa hifadhi huwafuata kila siku. Lakini kuna kumwona sokwe mgongo tu, juu kabisa mtini, na kuna kukaa naye saa nzima huku ukielewa anafanya nini. Naandika kwa ajili ya anayetaka hilo la pili, tena akatoka msituni bila kumwachia sokwe ugonjwa.

Hatua ya 1: Anza na kifua chako

Watu huanza na kibali, mimi naanza na afya. Sokwe ni ndugu yetu wa karibu kiasi kwamba mafua yetu humwingia, ila mwili wake hauna kinga tuliyo nayo sisi. Mwaka 2013, katika kundi la Kanyawara kaskazini mwa hifadhi hii hii, sokwe 5 kati ya 56 walikufa kwa kirusi cha mafua ya kawaida, kile ambacho mtoto wako anakipata shuleni na baada ya siku chache anacheza. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, kundi la Ngogo, humu humu Kibale, lilipoteza sokwe 25 kwa kirusi kingine cha kifua kinachotokana na binadamu. Ngogo ndilo lililokuwa kundi kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani, lenye sokwe wapatao 200.

Kwa hiyo ukiamka na kikohozi, pua inayotiririka, homa au tumbo la kuendesha, usiende. Mwambie mwongozaji wako mapema, uulize kama tarehe inaweza kusogezwa. Najua safari imekugharimu, nauli umelipa, likizo ni fupi. Bado nakuomba usiende. Ukiwa mzima, barakoa ni lazima, nayo ifunike pua na mdomo. Ikining'inia kidevuni haina kazi. Beba mbili, maana kwa unyevu wa Kibale ya kwanza italowa kabla hujafika mbali.

Hatua ya 2: Kibali na barabara

Kibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa kwa shilingi za Uganda, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na dola anazolipa mgeni wa Ulaya au Marekani. Sharti ni kuthibitisha uraia, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti usiiache hotelini. Nafasi za kila siku zina kikomo. Ukitaka Julai, Agosti au Desemba, weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Kutoka Kampala hadi Fort Portal ni kama kilomita 300, lami mwanzo mwisho. Kutoka hapa, chukua taksi za Kamwenge, maana taksi kwa Uganda ndiyo matatu au daladala yako, umwambie kondakta akushushe Kanyanchu. Kwa mtu aliye peke yake bodaboda nayo inafika, ila barabara inakatiza msitu na tembo huvuka. Usiipande usiku.

Hatua ya 3: Mavazi

Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, soksi nzito. Chomeka suruali ndani ya soksi kabla hujaingia msituni. Siafu ndio sababu, na ukishawakanyaga hakuna tena muda wa kujifunga. Viatu vyenye meno, au gambuti kama ni miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Koti la mvua beba mwezi wowote. Rangi iwe ya majani au ya udongo. Manukato acha nyumbani, na simu iwe kimya.

Hatua ya 4: Asubuhi pale Kanyanchu

Chagua zamu ya asubuhi ukiweza. Utapewa maelezo, mtagawanywa katika makundi madogo, kila kundi na askari wake mwenye bunduki, ambayo ni ya kuwatisha tembo kwa mlio. Hapo usikimbilie kupiga picha ya kibao. Msalimie askari wako vizuri. Ukiwa kwa Batooro, wenyeji wa hapa, muulize empaako yake, lile jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu hupewa mbali na jina lake: Amooti, Akiiki, Abwoli, Ateenyi, Adyeri na mengineyo. Kisha muulize hivi: "Amooti, wiki hii wanakula mti gani?"

Swali hilo ni dogo lakini ndilo litakalokufungulia siku. Sokwe wa Kibale wanaishi kwa matunda, hasa ya mikuyu, na huu ni msitu wa miti ya aina nyingi ambayo haizai kwa wakati mmoja. Mkuyu mkubwa ukiiva, sokwe wengi hukusanyika hapo siku kadhaa na utakuta vurugu na kelele. Matunda yakiwa haba, kundi lile lile hutawanyika vikosi vya watatu wanne, nanyi mtatembea sana. Askari anajua yote haya. Ukiuliza atakueleza njiani, usipouliza atakuongoza tu.

Hatua ya 5: Kuusoma msitu unapotembea

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza utamu. Wanatembea vichwa juu wakitafuta mnyama mweusi kwenye majani meusi. Sokwe husikika kabla hajaonekana, na ardhi humtaja kabla ya matawi.

Anza na sikio. Mwito wao huanza chini, "huu… huu…" za kuvuta pumzi, hupanda haraka haraka, kisha hupasuka kuwa makelele. Mara nyingi dume humalizia kwa kupiga mizizi mipana ya mti kwa mikono na miguu. Dundo lake utalisikia kifuani. Ukilisikia, simama na uangalie askari anageukia wapi. Subiri upate jibu, maana mara nyingi kikosi kingine huitikia kutoka upande wa pili, na kati ya sauti hizo mbili ndipo unapojua wanaelekea wapi. Wanaohama chini kwa chini huenda kimya kabisa, kwa hiyo kutosikia chochote kusikukatishe tamaa.

Halafu tazama njia. Kwenye tope laini utaona alama za vifundo vya vidole, vishimo vinne kwa mstari bila kiganja, maana sokwe hutembea amekunja vidole vya mikono. Karibu yake kuna wayo mrefu wenye kidole gumba kilichotengana na vingine. Tope likiwa bado linang'aa ndani ya alama, hawako mbali.

Tafuta pia tonge. Sokwe akila tunda lenye nyuzi hulibana kati ya midomo na meno, akalifyonza mpaka lisibaki na maji, kisha akatema makapi. Liguse kwa kijiti, usilishike kwa mkono. Likiwa la rangi nyeupe au manjano na lina umajimaji, ni la asubuhi hii. Likiwa la kahawia na limeanza kukauka kandokando, ni la jana. Ukiyakuta matonge mengi chini ya mti mmoja, inua kichwa sasa.

Viota navyo vinasema. Kila jioni sokwe hukunja matawi akatengeneza kitanda kipya juu ya mti. Mtoto anayenyonya hulala na mama yake. Kiota chenye majani mabichi ni kipya, huenda cha usiku uliopita. Cha majani ya kahawia usikihangaikie.

Njiani utakutana na wengine, na tafadhali usiwapite kama si kitu. Kibale ina aina 13 za wanyama wa jamii ya nyani na kima. Wapo mbega weusi kwa weupe, na wapo mbega wekundu, ambao sokwe huwawinda na kuwala. Ukisikia mbega wekundu wakilia kwa hofu, mwangalie askari wako. Huenda amebadilisha njia tayari.

Hatua ya 6: Saa yako moja

Saa huhesabiwa tangu mnapowafikia. Weka mita 10 kati yako na sokwe. Yeye akisogea, wewe rudi nyuma taratibu. Usile, usinywe mbele yao, usiteme mate. Chafya ikikujia, geuka, ziba kwa kiwiko, barakoa ikiwa usoni.

Dakika kumi za kwanza usipige picha. Chagua sokwe mmoja, umfuate kwa macho. Angalia nani anamchambua nani manyoya, kwa sababu hiyo ndiyo siasa yao: dume anayetaka cheo hukaa na wenzake, akawachambua muda mrefu, na siku ya ugomvi ndio watakaosimama naye. Msikilize anayefika mbele ya mkubwa akitoa miguno mifupi mifupi huku ameinama. Hapo ukijua nani anamwogopa nani, kila kitakachofuata utakielewa.

Dume akisimamisha manyoya, akaanza kuyumba, akang'oa tawi na kukimbia akiliburuta, usikimbie hata hatua moja. Simama karibu na shina la mti, kaa pamoja na kundi, mfuate askari kwa neno. Kelele hizo anawafanyia wenzake wewe ukiwepo, na kwa kawaida hupita kando akaenda zake. Anayekimbia ndiye anayeharibu mambo.

Angalia na mikono. Utaona asiye na kiganja, au mwenye vidole vilivyokauka na kupinda. Hiyo ni mitego ya waya. Watu huitega kwa ajili ya paa na nguruwe pori, sokwe akaingiza mkono, waya ukakaza kila anapovuta. Vikosi vya kuondoa mitego vimekuwa vikizunguka Kibale tangu miaka ya 1990, na bado mitego inapatikana. Mara ya kwanza kumwona mama mwenye mkono mmoja akipanda mkuyu huku mtoto amemng'ang'ania tumboni, huwezi kusahau jinsi anavyokumbatia shina kwa kile kigutu, akavuta, akatulia, akavuta tena.

Hatua ya 7: Picha

Mwanga wa taa ya kamera zima kabisa. Msitu una giza, kwa hiyo ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 1600 au 3200, usiogope chengachenga. Aliye mtini dhidi ya anga atatoka kivuli, mngoje ashuke. Mwenye simu arekodi sauti pia, anapoanza ule mwito wa chini chini.

Hatua ya 8: Mchana usirudi mjini moja kwa moja

Kilomita chache kutoka Kanyanchu kuna kijiji cha Bigodi na kinamasi chake cha Magombe, kinachotunzwa na wanakijiji wenyewe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ada ya mgeni inabaki hapo. Sekondari ya kijiji ilijengwa kwa fedha hizo. Waongozaji ni vijana wa hapo hapo wanaowajua ndege kwa sauti. Mwombe akutafutie yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, ambaye hukimbia juu ya tawi kabla ya kuruka. Mbega wekundu nao huja karibu kuliko ndani ya hifadhi.

Hilo nalisisitiza kwa sababu jirani wa msitu hulima mahindi na migomba ambayo tembo na nyani huimaliza ndani ya siku moja. Sheria inatenga asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini kwa jamii zinazoizunguka, lakini fedha hizo hupita mikono mingi. Chakula cha mchana ulichonunua Bigodi humfikia mama aliyekipika siku ile ile.

Jioni osha viatu, ukwangue tope lote kama kesho unakwenda hifadhi nyingine. Na ndani ya siku zinazofuata ukianza kukohoa au kupata homa, mpigie mwongozaji wako awaarifu askari, ili kundi ulilolitembelea liangaliwe kwa karibu.