Mandhari tofauti kwa kila mteja, faili moja la CSS

Programu moja ya wavuti ikihudumia wateja wengi, usimnakilie kila mteja faili zima la CSS, yaani faili linalopanga mwonekano wa kurasa. Ukifikisha wateja kumi, kurekebisha kitufe kimoja ni kazi ya mara kumi. Faili libaki moja, na kila rangi iitwe kwa kigeu (jina linalobeba thamani inayoweza kubadilishwa), mfano `background: var(--rangi-kuu)`. Kwenye hifadhidata weka thamani chache tu za kila mteja: rangi mbili tatu, fonti, nembo.

Thamani hizo ziandikwe na seva ndani ya `<head>`, sehemu ya mwanzo ya ukurasa. Ukiiachia JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari, mtumiaji ataona rangi za kawaida kwanza, kisha zibadilike ghafla mbele ya macho yake. Na kama seva inamtambua mteja kwa jina la kikoa, basi jina hilo liwemo kwenye ufunguo wa kache, yaani jina linalotumika kutafuta nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa. Hapa ndipo wengi huteleza: mteja mmoja anafunguliwa ukurasa wenye nembo ya mwingine, na kumtuliza si rahisi.

Rangi anayoijaza mteja ikubaliwe kwa muundo wa `#1a5fb4` pekee, maana maandishi huru yanaweza kupenyeza msimbo wa hila. Pima pia utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma, usipungue 4.5:1, maandishi meupe juu ya manjano hayasomeki.