Somo: Kuupapasa na kuupima msuli wa trapezi, kutoka kisogoni hadi pingili ya 12

Wengi wakitajiwa trapezi hugusa mnofu ulio kati ya shingo na bega, wakaishia hapo. Hiyo ni sehemu ya juu tu. Msuli huu huanza kisogoni, hushuka hadi pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) ya 12 ya kifua, na upande wa nje hujishika kwenye mtulinga na bapa la bega. Tafuta mwenzako na kalamu ya kuchorea ngozi.

1. Mwenzako aketi, mgongo wazi, ainamishe kichwa. Papasa kisogo upate kinundu cha mfupa, kisha shuka hadi pingili iliyojitokeza kuliko zote. Mara nyingi ni ya 7 ya shingo. Kuhakikisha, weka kidole juu yake na kingine kwenye pingili ya 6, kisha ainue kichwa taratibu atazame juu. Ya 6 huteleza mbele na kupotea, ya 7 hubaki.

2. Hesabu kushuka hadi ya 12 ya kifua. Hapa ndipo wengi hupotea, hasa kwa mtu mnene. Mikono ikiwa imening'inia, jisahihishe kwa bapa: mzizi wa mwiba wake (mwanzo wa ukingo wa mfupa uliotokeza nyuma ya bapa, upande wa uti wa mgongo) uko usawa wa pingili ya 3 ya kifua, ncha ya chini ya bapa usawa wa ya 7 ya kifua.

3. Chora. Nyuzi za juu huenda theluthi ya nje ya mtulinga. Za kati hukata mlalo hadi akromioni (ncha ya nje ya mwiba, juu ya bega) na mwiba wa bapa. Za chini hupanda mshazari hadi mzizi wa mwiba.

4. Pima. Juu: apandishe mabega, wewe kandamiza. Kati: alale kifudifudi, mkono pembeni digrii 90, kidole gumba kikielekea dari, auinue huku ukiukandamiza. Chini: vivyo hivyo, ila mkono uelekee mbele ya kichwa kwa mshazari. Bega likikimbilia sikioni, nyuzi za juu zimesaidia, rudia.

Usiziruke za chini. Mkono ukipanda digrii 180, takribani 60 hutokana na bapa kuzunguka, na bapa halizunguki vizuri bila nyuzi za juu, za chini na serato ya mbele (msuli wa ubavuni unaoshika bapa kifuani) kuvuta pamoja.

Swali: Nanyanyua mabega kwa dambeli nzito, lakini nikiinua mkono bega linakwaruza. Nakosea wapi?

Jibu: Mkuu, zoezi hilo hulenga zaidi nyuzi za juu. Ongeza mkao wa kipimo cha chini, bila uzito kwanza: seti 3 za mara 10. Kiungo kikiuma, acha ukaonwe.

Swali: Mgonjwa alitolewa tezi shingoni, sasa bega limeshuka. Msuli umekatwa?

Jibu: Shuku kwanza neva ya 11 ya fuvu. Hupita juujuu ubavuni mwa shingo, karibu na tezi za limfu, hivyo huumia hata kwa upasuaji mdogo. Kupandisha bega huwa dhaifu, na mkono hupata shida kupita digrii 90 pembeni. Apewe rufaa mapema. Neva iliyokatwa ikicheleweshwa, matokeo ya kuiunga hupungua.

Swali: Nitatofautishaje na udhaifu wa serato, mwalimu?

Jibu: Asukume ukuta. Bapa likifunuka kama bawa, elekea serato. Tatizo likiwa trapezi, bapa hutokeza zaidi mkono unapoinuliwa pembeni, na huwa limesogea mbali na uti wa mgongo.