Kabla ya Kuwafundisha Wazungumzaji wa Kichina Maneno ya Kiingereza ya Idadi Ndogo

Mwalimu anayejiandaa kuwafundisha Kiingereza wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina aanze kwa kuchunguza “a” katika “a few” (kadhaa; bila “a”, “few” ni wachache mno), kwa kuwa ndiyo itakayowasumbua kuliko mengine yote. Kichina hakina kibainishi, yaani neno dogo la kutangulia nomino, cha aina hiyo, hivyo mwanafunzi huidondosha bila kuhisi kwamba amepoteza chochote. Akitaka kusema kuwa anao marafiki kadhaa mjini Beijing, huandika “I have few friends in Beijing”, na msomaji humwonea huruma kwa kudhani kwamba ni mpweke. Hata hivyo, tofauti yenyewe anaijua tangu utotoni: kwa uchache unaosikitisha Kichina husema “wǒ péngyou hěn shǎo”, yaani marafiki zangu ni wachache, na kwa kuwapo kwa kadhaa husema “wǒ yǒu jǐ ge péngyou”. Jozi hiyo iandikwe ubaoni kabla sarufi haijatajwa. Tena, kwa maoni yangu, katika mazungumzo ni heri wazoeshwe kwanza “not many”, kwa sababu “few” peke yake husikika kama lugha ya maandishi rasmi.

Nomino nazo zihakikiwe mapema. Katika Kichina kitabu kimoja na vitabu viwili hutumia neno lile lile, “shū”, na kinachoingia kati yake na idadi ni kipimo, yaani neno la kuhesabia vitu vya aina hiyo, “běn”. Kwa hiyo alama ya wingi baada ya “a few” husahaulika kirahisi. Iandaliwe pia orodha fupi ya nomino ambazo Kiingereza hakizihesabu, kama vile “advice”, “luggage” na “furniture”, ambazo huandamana na “a little”.

“A couple of” (mbili hivi) haihitaji muda mrefu, maana “liǎng” (mbili) ya Kichina nayo hulegea vivyo hivyo: “guò liǎng tiān” ni baada ya siku mbili tatu, wala hakuna anayezihesabu. “Several” huzidi mbili bila kufika wingi, na haina majonzi ya “few”.

Mazoezi ya mwisho yawe ya “quite a few”, ambayo mwanafunzi akiliona neno “few” hudhani ni wachache sana, kumbe ni wengi kiasi, ilhali “only a few” huurudisha uchache ule ule. Sentensi zitakazotumika zitungwe mapema, kila moja ikiwa na muktadha unaoonyesha wazi iwapo msemaji ameridhika au amepungukiwa.