Kuhakiki gemu za enzi za PS2: kwanza jua kosa ni la nani

Gemu ya mwaka 2001 ikikukera leo, washukiwa ni wanne: mbunifu, toleo ulilonalo, mashine na TV. Hakiki nyingi za gemu za PlayStation 2, GameCube, Xbox na Dreamcast humtwisha mbunifu mzigo wote. Nyingine humsamehe kila kitu kwa sababu mwandishi aliicheza akiwa mdogo. Msomaji anayetaka kujua kama gemu ni nzuri hapati kitu kwa yeyote kati ya hao. Utaratibu huu unawaondoa washukiwa mmoja mmoja mpaka abaki anayestahili kusemwa.

Toleo

Tazama diski au mgongo wa kasha. Kwa PS2, namba inayoanza na SLES au SCES ni ya Ulaya, SLUS au SCUS ni ya Marekani, SLPS, SLPM au SCPS ni ya Japani. Iandike juu ya ukurasa wa daftari kabla hujabonyeza Start, maana itaeleza mengi utakayoyaona baadaye.

Afrika Mashariki tulitumia mfumo wa PAL kama Ulaya. TV ya PAL huonyesha picha 50 kwa sekunde, ya Japani na Marekani takriban 60. Gemu iliyotengenezwa kwa 60 ikahamishiwa 50 bila marekebisho huenda polepole kwa karibu sehemu moja ya sita. Tena PAL ina mistari 576 ya picha dhidi ya 480, kwa hiyo mikanda myeusi hubaki juu na chini na wahusika wanaonekana wamebonyezwa. Final Fantasy X ya Ulaya ya mwaka 2002 iliingia kwenye shimo hilo. Ukiandika kwamba "mapigano yanaburuta miguu" kwa kuicheza diski hiyo, umemsingizia mbunifu. Gemu nyingine huuliza mwanzoni kama unataka 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kubali. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe au ikirukaruka, TV yako haipokei rangi za mfumo huo. Rudi 50Hz na useme hivyo kwenye uhakiki.

Tofauti za matoleo huingia hadi kwenye maudhui. Ico ilitoka Marekani kwanza, mwaka 2001. Matoleo ya Japani na Ulaya yaliyofuata yaliongezewa mambo, na ukilicheza mara ya pili unapata tafsiri ya maneno ya Yorda, msichana unayemwongoza, ambayo mchezaji wa diski ya Marekani hakuyaelewa. Mtego mkubwa zaidi ni Devil May Cry 3 ya mwaka 2005: kiwango kilichoitwa Normal kwenye diski ya Marekani kilikuwa sawa na Hard ya Japani. Wahakiki wawili, mmoja akilalamika kwamba inaonea na mwingine akisema inatenda haki, wanaweza wote kuwa wakweli. Special Edition ya 2006 ililipanga upya jambo hilo.

Matoleo yaliyorudishwa sokoni yana madhambi yake. Silent Hill 2 ndani ya HD Collection ya 2012 ilipoteza sehemu ya ukungu wake, na ukungu ule ndio ulioficha mwisho wa mtaa ambao PS2 isingeweza kuuchora, na ndio uliokuwa unatisha. Grand Theft Auto: San Andreas ya siku hizi imekatwa baadhi ya nyimbo za redio kwa sababu ya leseni. Kamwe usiihukumu ya 2004 kwa nakala ya simu.

Kisha kuna diski za kunakili, ambazo ndizo wengi wetu tulizicheza. Gemu ya DVD iliyobanwa ienee kwenye CD mara nyingi imeondolewa video na sauti. Kama hadithi inaruka bila sababu au muziki unakatika ghafla, tafuta nakala kamili kabla hujaandika neno "simulizi".

Mashine na TV

Pima muda wa kulodi kwa saa ya simu: ianze unapobonyeza kitufe, isimamishe mhusika anapoanza kukutii. Rudia mlango uleule mara tatu. Ukipata sekunde 6, 6 na 7, hiyo ni tabia ya gemu. Ukipata 6, 9 na 17, hiyo ni lenzi ya mashine inayosoma diski iliyochoka, au diski yenye mikwaruzo. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, wala usizungushe, kisha pima tena. Video za katikati ya gemu zikikwamakwama wakati uchezaji wenyewe uko sawa, mshukiwa ni lenzi.

TV bapa ndiyo inayoharibu hakiki nyingi za leo, na mhakiki mwenyewe hajui. Waya wa njano, mwekundu na mweupe hupeleka picha ya mistari inayopishana, na TV bapa hulazimika kuiunganisha na kuikuza kabla ya kuionyesha. Hapo ndipo ucheleweshaji unapoingia. TV ya chogo haina kazi hiyo. Washa Game Mode kwenye mipangilio ya TV, kisha hakikisha kwa macho: weka simu irekodi slow motion ya picha 240 kwa sekunde, ichukue kidole chako na skrini kwa pamoja, bonyeza kitufe cha kuruka, halafu hesabu picha kutoka kidole kinapogota mpaka mhusika anapoanza kusogea. Kila picha ni karibu milisekunde 4. Rudia kwenye TV ya chogo. Tofauti ya hesabu ni deni la TV bapa, si la gemu. Kwa gemu za kukinga pigo kwa wakati wake, hii ni lazima.

Rekodi hiyohiyo inakupa kasi ya fremu, yaani picha mpya ngapi gemu inachora kwa sekunde. Picha ya gemu ikibadilika kila baada ya picha 4 za simu, ni fremu 60. Kila baada ya 8, ni 30. Kila baada ya 12, ni 20. Kwenye 50Hz utaona karibu 5 kwa fremu 50 na 10 kwa fremu 25. Pimia mahali penye fujo: moshi, maji, maadui wengi, kamera ikizungushwa.

Emuleta, yaani programu ya kuchezea gemu za konsoli kwenye kompyuta, kama PCSX2 au Dolphin, inafaa kwa kuchunguza ubunifu wa hatua na hadithi. Muda wa kulodi, ukali wa picha na kuporomoka kwa fremu usivitolee ushahidi wa huko.

Kucheza na kalamu mkononi

Chora safu mbili: wapi nimekufa, na kwa nini. Sababu ziwe nne tu: kosa langu, kamera, vidhibiti, au sheria ambayo gemu haikunifundisha. Ukifika mwisho, safu hiyo ndiyo hoja yako. "Kamera mbovu" ni kelele. "Kati ya vifo vyangu vingi vya hatua hii, karibu vyote vilitokea mgongo ukiwa ukutani" ni ushahidi. Jipime mwenyewe: mpeleke mhusika kwenye kona, zungusha stiki ya kulia duara zima, uone kama kamera inapita, inakwama, au inaonyesha ndani ya ukuta. Super Mario Sunshine ya 2002 itakuonyesha yote hayo alasiri moja.

Vidhibiti vya ajabu vichunguze kwa kuwatazama maadui. Resident Evil 4 haikuruhusu utembee ukiwa umelenga bunduki. Inaonekana kasoro mpaka uone kwamba wanakijiji hupunguza mwendo wakikukaribia na kukupa nafasi ya kuamua. Kizuizi na adui vimeshonwa pamoja, kwa hiyo ni ubunifu. Kama maadui wanakuja kana kwamba unaweza kukimbia huku ukipiga, na wewe huwezi, hapo pana kosa. Kabla ya yote fungua Options: Silent Hill 2 ina aina mbili za uendeshaji, na wengi walioilaumu hawakuigusa ile ya pili.

Sehemu inayochosha ithibitishe kwa hesabu. Karibu na mwisho wa The Legend of Zelda: The Wind Waker unasaka vipande 8 vya Triforce, hazina takatifu ya hadithi hiyo. Kila kipande kina ramani yake, na kila ramani mhusika aitwaye Tingle anakusomea kwa rupii 398, pesa za ndani ya gemu. Jumla ni rupii 3,184, ukiacha safari za bahari na kuvua kila kipande kutoka chini. Kwenye toleo la HD la 2013 Nintendo wenyewe walipunguza ramani zikabaki tatu, na hapo hoja yako haihitaji mtetezi. Ajabu ni kwamba kelele za miaka ile zilikuwa juu ya michoro yake ya katuni, sehemu ambayo imezeeka vizuri kuliko zote.

Gemu za mpira haziishi kwenye hadithi. Pro Evolution Soccer ichezwe angalau mechi 10 dhidi ya kompyuta, nusu kwa nyota tatu na nusu kwa nyota tano, kisha 10 na binadamu anayejua. Unachotafuta ni goli linalofungika kila mara kwa njia moja. Anayechukua Inter katika PES 6 ili apige na Adriano kutoka mbali anakufundisha mpaka wa gemu haraka kuliko menyu yoyote. Majina ya bandia ya klabu ni suala la leseni. Lipe sentensi moja, kwa kuwa yalirekebishika kwenye Edit na kuhifadhiwa kwenye memori kadi ya MB 8.

Kutoa hukumu

Neno "imepitwa na wakati" lisitoke mdomoni mpaka ulinganishe na rika lake. Halo ya 2001 ilishatumia stiki moja kutembea na nyingine kulenga, kwa hiyo gemu ya bunduki ya 2003 isiyoweza hivyo haina udhuru. Shadow of the Colossus ya 2005, kwa upande mwingine, huporomoka chini ya fremu 30 mara kwa mara kwenye mashine yenye MB 32 za kumbukumbu. Liseme wazi, kisha useme kama lilikuangusha kutoka mgongoni mwa jitu au lilikuudhi macho tu. Farasi Agro ni kesi nyingine: hukwepa miti mwenyewe na si kila agizo analitii, na hilo lilikusudiwa. Una haki ya kutolipenda, ila usiliite hitilafu.

Ukitakiwa kutoa alama, eleza kipimo chako. Gazeti la gemu la Famitsu la Japani liliweka wahakiki wanne, kila mmoja alama 10, jumla 40. Tovuti ya Metacritic, iliyoanza 2001, hugeuza alama za watu kuwa za 100 bila kujali kwamba 7 ya huyu ni "nzuri" na 7 ya yule ni "ya wastani". Tumia 5 kuwa katikati kweli.

Aya ya kwanza ya uhakiki itaje namba ya diski, konsoli, 50Hz au 60Hz, aina ya TV, kiwango cha ugumu, na kama uliimaliza au uliishia wapi.