Kabla ya Kuiaga Wodi: Maandalizi ya Muuguzi Anayetaka Kazi ya Nyumbani Marekani

Muuguzi aliyechoshwa na zamu za saa 12 ni rahisi kukimbilia kununua kompyuta na kutuma maombi usiku huohuo. Kinachotakiwa kuangaliwa mwanzo ni leseni. Sheria za uuguzi za Marekani hufuata alipo mgonjwa, si alipo muuguzi. Ukikaa Dallas ukamshauri kwa simu mgonjwa aliyeko Los Angeles, umefanya uuguzi California, na unahitaji leseni ya California.

Majimbo zaidi ya 40 yamo katika makubaliano ya leseni za uuguzi yaitwayo NLC (Nurse Licensure Compact), ambapo leseni moja inakuruhusu kuhudumia wagonjwa wa majimbo yote wanachama. California na New York hazimo. Leseni hiyo ya pamoja hutolewa na jimbo unaloishi rasmi, kwa ushahidi wa vitu kama leseni ya udereva na fomu za kodi. Ukihamia jimbo jingine mwanachama, una siku 60 za kuomba leseni ya huko. Ingia kwenye Nursys, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha leseni za wauguzi, ambao ni bure, utazame leseni yako imeandikwaje. Wapo wanaodhani wana leseni ya majimbo mengi kwa sababu tu jimbo lao lilijiunga, kumbe jimbo likijiunga leseni za zamani hubaki za jimbo moja hadi mwenyewe aombe ibadilishwe. Kama unaishi nje ya makubaliano, muulize mwajiri mapema: anataka leseni za majimbo mangapi, na nani anazilipia?

Ukishamaliza hilo, chagua aina ya kazi. Inayowafaa zaidi waliotoka wodini ni kukagua mafaili kwa niaba ya hospitali au kampuni ya bima, ili kuona kama mgonjwa alistahili kulazwa au kama matibabu yaliyoombwa yapewe kibali. Unasoma faili, unalinganisha na vigezo vya kitabibu vya InterQual au MCG, miongozo inayotumiwa na hospitali na bima, kisha unaandika uamuzi. Muuguzi huidhinisha, akiona vigezo havijatimia hakatai mwenyewe, hupeleka faili kwa daktari. Waajiri hupenda mtu mwenye miaka kadhaa ya wodi ya wagonjwa wazima, dharura au ICU, maana kazi yenyewe ni kutafuta namba ndani ya maelezo marefu: oksijeni ilikuwa asilimia ngapi bila mashine, dawa gani ilipitia mshipani, nini kilijaribiwa kikashindikana. Sentensi kama “anapumua kwa shida” haisaidii kitu.

Njia fupi ya kuingia ni kupitia hospitali uliyopo. Omba kukaa siku chache na ofisi inayosimamia vibali vya bima, ujifunze vigezo hivyo kabla hujaacha kazi. Kuhamia idara nyingine kwa mwajiri anayekujua ni rahisi kuliko kushindana na mamia ya waombaji mtandaoni. Fahamu pia kuwa mafaili huhesabiwa kwa siku. Aliyekimbia presha ya wodi ataikuta presha nyingine, hii ina saa na jedwali.

Kazi ya kupokea simu za wagonjwa huendeshwa kwa miongozo, maarufu ikiwa ile ya Schmitt-Thompson, na nafasi nyingi huwa za usiku na wikendi. Kiswahili chako ni mtaji hapo, lakini usianze kumhudumia mgonjwa kwa Kiswahili kwa hiari yako. Mwajiri anapaswa kwanza kuthibitisha uwezo wako wa lugha ya kitabibu.

Usilipie vyeti ovyo. Cheti cha CCM cha usimamizi wa wagonjwa kinadai uzoefu wa kazi hiyohiyo: miezi 12 chini ya msimamizi mwenye CCM, au 24 bila yeye. Hivyo hakiwezi kuwa tiketi yako ya kuingilia. Cheti cha CPC cha kuweka misimbo ya magonjwa na matibabu kina mtihani wa maswali 100 kwa saa 4, na kufaulu ni asilimia 70. Ila anayefaulu bila uzoefu hubaki na alama ya mwanagenzi, na kazi za nyumbani huwa zinataka waliokwisha kuivua. Tena kazi hiyo haidai leseni ya uuguzi, kwa hiyo mshahara unaweza kushuka chini ya ule wa wodi.

Piga hesabu kwa hati zako za mshahara za miezi mitatu, ukitoa nyongeza za usiku, wikendi na saa za ziada. Ukipewa kazi ya fomu ya kodi ya 1099 badala ya W-2 (ya mwajiriwa wa kawaida), wewe ni mkandarasi: kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ni yako yote, na likizo na bima ni juu yako. Bima ya afya ya kazi ya zamani inaweza kuendelezwa kwa sheria ya COBRA, kwa kawaida hadi miezi 18, nawe una siku 60 za kuamua. Ila utalipa gharama nzima, na si ndogo.

Waliokuja kwa viza ya EB-3 (ya ukaazi wa kudumu kwa njia ya ajira) kupitia wakala wasome mkataba wao kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi: zimebaki saa au miaka mingapi, na faini ni kiasi gani. Wazungumze pia na mwanasheria wa uhamiaji.

Nyumbani, tenga chumba chenye mlango unaofungika. HIPAA, sheria ya siri za wagonjwa, haijali kwamba aliyesikia jina la mgonjwa ni mwanao. Tumia kebo kutoka kwenye ruta, si Wi-Fi, na pima kasi ya intaneti saa moja jioni, wakati jirani wote wako mtandaoni. “Mwajiri” akikutumia hundi ununue vifaa kisha umrudishie chenji, huyo ni tapeli: benki itaikataa hundi siku kadhaa baadaye na deni litakuwa lako.

Ukiweza, baki na zamu mbili kwa mwezi wodini, maana hospitali zikimpokea anayerudi huulizia uzoefu wa karibuni. Leseni nayo ina saa zake za masomo kila miaka miwili: 20 Texas, 30 California.

Na ukienda likizo Mombasa au Moshi, iache kompyuta ya kazini. Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, kwa kawaida hailipii huduma zinazotolewa nje ya Marekani, mikataba mingi ya bima hairuhusu taarifa za wagonjwa zifunguliwe ng'ambo, na mfumo huonyesha ulikoingilia. Kuingia mara moja tu “kumalizia faili” kunaweza kukufukuzisha kazi.